RAM Iliyobaki Karatu

Endulen,
5 Februari 2024

Fundi Radhia,

Salaam. Hunijui, nami sikujui, ila jina lako ninaliona kila siku. Limebandikwa ubavuni mwa kompyuta ya mezani iliyopo kwenye chumba changu cha chekechea: Radhia Kompyuta na Simu, Karatu. Namba ya simu imefutika, ndiyo maana ninakuandikia na kumpa barua Bartolomeo, dereva wa lori la unga, anayesema duka lako atalifikia hata akiwa amefumba macho. Na huku mtandao ni wa kubahatisha. Lazima nipande kilima, na kilimani upepo unameza nusu ya maneno.

Shida yenyewe ni hii. Asubuhi kompyuta inawaka vizuri, ukungu ukiwa bado umelala mlangoni. Mchana, watoto wakishaondoka, mama yangu anakuja kukaa mbele yake. Ndani yake kuna nyimbo alizoimba yeye mwenyewe mwaka jana, za kukamulia na za kubembelezea watoto, zikarekodiwa moja baada ya nyingine. Mama anataka kuzisikiliza mpaka mwisho. Hajawahi kufika. Nyimbo mbili, pengine tatu, halafu kioo kinaganda, sauti inakwama pale pale kama mtu aliyeshikwa na kigugumizi, nami sina la kufanya ila kuchomoa waya. Mama halalamiki. Anabaki ametazama kioo cheusi mpaka mbuzi warudi.

Tangu Desemba mama hapati usingizi. Ninaamini akizisikia zote atalala. Usiniulize kwa nini ninaamini hivyo.

Nimejaribu kuzihamishia kwenye flashi, imeshindikana. Zimo vipande vipande ndani ya programu ya kuchanganyia sauti, na programu hiyo lazima ifunguke na ikae.

Kuna jambo jingine, sijui kama ni ugonjwa. Kila asubuhi nikiiwasha, kompyuta inadhani ni tarehe mosi Januari, mwaka 2004. Mwaka huo nilikuwa mtoto, tunachunga ndama nyuma ya boma, na mvua ilikuwa nyingi. Saa hiyo sijairekebisha. Ninapenda ikiamini hivyo, japo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Nisaidie.

Nanyokie,
mwalimu wa chekechea


Karatu,
11 Februari 2024

Dada Nanyokie,

Takwenya! Najua salamu hiyo ya Kimaasai unatakiwa kuiitikia “Iko.” Nimefundishwa, na aliyenifundisha unamjua.

Nilipoona Endulen juu ya bahasha niliacha simu ya mteja ikiwa tumbo wazi nikaja kukaa mlangoni nisome. Hiyo mashine naijua kuliko ninavyoijua sufuria yangu. Ilikuwa ya ofisi ya loji moja iliyokuwa inaondoa vyombo vya zamani. Kaka yako Lomayani akainunua, akaniletea mezani ikiwa na vumbi la barabara nzima. Kumbe wewe ndiye yule dada anayefundisha watoto kuhesabu kwa kokoto! Akianza kukusifu hamalizi. Sasa niambie, wifi (nimekuita hivyo kwa utani, ukikasirika nitalifuta), kaka yako kapotelea wapi? Tangu kabla ya Krismasi sijamtia machoni. Simu haipatikani. Leo anakutuma wewe uandike barua, yeye mikono imekatika?

Haya, tutengeneze mashine. Ndani yake kuna prosesa, ndiyo inayofikiri. Kuna RAM, vile vibao virefu vya kijani, ndivyo vinavyoishikia yale inayoyafikiria. Kati yao ipo njia, mafundi tunaiita FSB, na njia hiyo ina mapigo yake. Umewahi kuona wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja? Mmoja anainua mchi, mwenzake anashusha. Wakielewana wanaimba hata wimbo. Mmoja akichelewa, michi inagongana na mahindi yanaruka nje. Prosesa yako imeandikwa 800, lakini usitishike, hiyo ni mia mbili iliyohesabiwa mara nne. RAM ya kwanza imeandikwa 400, nayo ni mia mbili, imehesabiwa mara mbili. Hao wanatwanga pamoja. RAM ya pili ni 333. Huyo ni mzito. Na kwa kuwa kibetri kidogo cha saa kimekufa, mashine ikizimwa inasahau kila kitu, mwaka na mipangilio, inaamka 2004 inasoma RAM ya kwanza tu na kudhani ya pili ni ileile. Basi mzito analazimishwa mbio, anachoka, anaganda.

Fanya hivi. Ukiiwasha, gonga kitufe cha Delete mfululizo mpaka utokee ukurasa wa buluu. Tafuta palipoandikwa DRAM Frequency, toa Auto, weka 333. Bonyeza F10, kisha Enter. Prosesa usiiguse. Hapo RAM zote zitafuata mwendo wa yule mzito. Itabidi urudie kila asubuhi. Na ukimaliza kazi, zima taratibu, usichomoe waya. Hilo nilimwimbia Lomayani mpaka sauti ikanikauka.

Dawa kamili ni pacha wa ile RAM ya 400, maana zilikuja mbili. Pacha yuko kwenye droo yangu. Lomayani aliiacha hapa kwa makusudi, akachomeka ile nzito mahali pake. “Nitunzie,” akasema, “ili niwe na sababu ya kurudi.” Kwa hiyo sikutumii. Aje aichukue mwenyewe. Mwambie Paashe wake anamsubiri. Tunaitana hivyo tangu siku aliponiahidi ndama, ila ndama huyo hata mkia wake sijauona.

Radhia


Endulen,
20 Februari 2024

Dada Radhia,

Iko.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, nikatoka nje nikatembea kidogo, nikarudi kuimalizia. Neno wifi usilifute.

Ukurasa wa buluu niliupata. Nilikuwa peke yangu chumbani, ukungu umefunika madirisha pande zote, na ule ubuluu ukawa ndio anga pekee niliyoiona asubuhi ile. Nikaweka 333 kama ulivyosema. Mchana mama akaja. Kompyuta ikaimba wimbo wa kwanza, wa pili, ikaendelea, ikapita pale ilipokuwa ikifia siku zote. Mama akafumba macho. Kati ya wimbo na wimbo kuna sauti inayomuuliza maswali, “Na huu uliimbiwa na nani?” na mama wa ndani ya kompyuta anajibu huku anacheka. Mama wa kwenye kiti naye akawa anacheka mahali palepale. Nilidhani tumefika. Jua likatoka, vumbi la chaki likawa linaelea kwenye mwanga, na nilijiona mtoto. Ndipo ikaganda.

Nimerudia siku nyingine zote. Inakwenda mbali kuliko zamani lakini haifiki. Nikafungua mfuniko wa ubavuni, nikamtoa yule mzito, nikaacha RAM moja. Programu ikakataa kufunguka, ikasema nafasi haitoshi.

Radhia, nitumie pacha. Mpe Bartolomeo, aiweke kifuani kama anavyoweka leseni yake. Yule unayemsubiri hawezi kuja.

Nanyokie


Karatu,
27 Februari 2024

Dada Nanyokie,

Hawezi, au hataki?

RAM zenu hizo mbili haziwezi kuelewana hata ukizibembeleza. Zimetoka viwanda viwili, mpangilio wa vipande vyake tofauti. Kuzipunguza mwendo kumezisaidia zivumiliane tu. Huo ndio upande wa ufundi, nimeumaliza.

Upande mwingine ni wangu. Mimi si mtoto. Duka hili kaniachia baba, nimekaa humu na maneno ya watu wa kila namna. Wauza viatu hapa nje wameshaniambia: kijana akishaitwa nyumbani akaozwa, mjini anapita kwa njia ya nyuma. Kama ameoa, aje aniambie usoni. Sitamtupia maji. Nitampa RAM yake, nitampa na chai, aende kwa amani. Lakini kumtuma dada yake aniandikie “hawezi kuja,” neno moja kavu, hapana. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema, lakini huyu lake lipo, limo kwenye droo yangu, na kila nikitafuta bisibisi ninaligusa.

Nimeona pia kwamba jina lake unalikwepa kama kaa la moto. Unaogopa nini? Lomayani. Lomayani. Lomayani. Nimekuandikia mara tatu kwa niaba yako.

Mama yako namwonea huruma, na nimelala vibaya kwa ajili yake. Lakini RAM haitoki mpaka aje.

Radhia


Endulen,
3 Machi 2024

Evarista rafiki yangu,

Huko Rhotia vitunguu vimeiva? Nakukumbuka tangu chuo cha ualimu ulivyokuwa unavila vibichi na ugali, ukanuka bweni zima.

Ninakuandikia kwa sababu nimekwama. Unajua yaliyotupata Desemba. Kaka yangu, yule uliyecheza naye kwenye mahafali yetu, alitoka alfajiri kwenda kisimani, ukungu ukiwa mzito, nyati akawa ametangulia. Tulimkuta jua limeshapanda.

Yupo fundi wa kompyuta Karatu, anaitwa Radhia. Kaka alimpenda. Nami nilikuwa sijui, nilimwandikia kama mteja tu. Hajui kwamba kaka hayupo tena duniani. Katika kila barua ananiuliza habari zake na anamtaja kwa jina. Nawe unajua kwetu: aliyeondoka jina lake halisemwi tena nyumbani. Mama akilisikia ni kama kumfukua. Kompyuta yenyewe kila asubuhi inaliandika jina hilo kwenye kioo, “Karibu,” halafu jina, nami ninaweka kiganja juu yake mpaka lipite, watoto wasije wakalisoma kwa sauti. Wanajua kusoma. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Najua utaniuliza kwa nini nisiandike tu “kaka amefariki.” Nimejaribu, Evarista. Naandika “kaka” na kalamu inasimama. Mwanzoni nilidhani ni mwiko unaonizuia. Sasa nakuambia ukweli: ninaona raha. Duniani amebaki mtu mmoja anayemkasirikia kaka yangu kwa kuchelewa. Barua zake zikifika, kwa muda ule ninaosoma, kaka amechelewa tu. Amekaa mahali, anaona aibu, atakuja. Ni kama ile saa ya kompyuta inayoamka mwaka 2004. Nani angetaka kuwa wa kwanza kuirekebisha?

Lakini mama hapati usingizi. Amevua shanga zote, masikio yamebaki matupu. Kinachotakiwa ni RAM iliyo kwenye droo ya Radhia, naye hataitoa mpaka kaka aende mwenyewe.

Kingine kinanisumbua. Radhia anasema wanaitana Paashe. Kwetu mtu akikupa mnyama, majina yenu mnayaweka pembeni, mnaitana kwa zawadi ile. Akikupa ndama, wewe kwake ni Paashe na yeye kwako ni Paashe. Na humu bomani yupo ndama jike mwenye tumbo jeupe ambaye kaka alikataa asiuzwe. “Huyu si wangu,” alikuwa akisema, na hatukujua ni wa nani.

Nifanyeje?

Nanyokie


Rhotia,
9 Machi 2024

Nanyokie,

Wewe mwanamke! Ningekuwa karibu ningekupiga kofi, halafu ningekukumbatia.

Sikiliza. Huzuni yako ninaielewa. Lakini mwezi wa Ramadhani unaingia, na huko Karatu mwanamke wa watu atakaa kila magharibi na tende zake, akisikiliza kama kuna pikipiki inayosimama mlangoni. Wewe unaona raha kaka akichelewa. Yeye kila siku anaachwa upya. Raha yako anailipia yeye. Hiyo si haki, na ndani ya moyo wako unajua, ndiyo maana umeniandikia mimi na hukumwandikia padri.

Sasa, mwiko ni wako. Sisi Wairaki jina la marehemu tunalichonga kwenye msalaba, tunalisoma kanisani, tunawapa na wajukuu. Babu yangu Tluway amekufa, na pale nyumbani wapo akina Tluway wengine wanagombania uji wakati huu ninapoandika. Mdomo wangu haujafungwa. Siku ya mnada ninashuka Karatu na vitunguu. Nikimaliza kuuza nitapita dukani kwake nimwambie mimi, kwa jina lake lote, kama mtu anavyostahili kutangazwa.

Wewe kaa kimya kama ulivyozoea. Safari hii kimya chako kitafaa.

Usinijibu. Ukinijibu utanizuia.

Evarista


Karatu,
28 Machi 2024

Dada Nanyokie,

Evarista alikuja. Alinunua chaja ambayo hakuihitaji, akaulizia bei ya vitu vyote dukani, mwisho akaniomba nifunge mlango. Yaliyofuata yabaki humu ndani.

Nilikukasirikia. Sitaficha. Nilikaa nikisema, ameniacha niandike mambo ya kuoa na wauza viatu, ameniacha niliandike lile jina mara tatu kama ninayepiga hodi kaburini. Nilitaka kukuandikia barua mbaya. Nikafungua droo kutafuta kalamu, mkono ukaigusa RAM, nikakaa chini. Nami nilikuwa nayo saa yangu ya 2004. Ilikuwa humo kwenye droo. Kama ningeitoa mapema, ningekuwa nimekubali kwamba hana sababu ya kurudi. Kwa hiyo tumefanya jambo lilelile, wewe huko na mimi huku, katikati mama yako anakesha.

Nilimpenda. Ninalisema kwako kwa sababu sijapata kulisema kwa mtu, hata kwake nililisema kwa kumtania tu. Kwetu aliyekufa tunamtaja tukimwombea. Nami nimemtaja, kimoyomoyo, mlango ukiwa umefungwa, ili sauti isifike huko kwenu. Kama nimekosea mnisamehe. Hapa kwenye karatasi sitamtaja tena.

Bartolomeo anakuletea kifurushi. Nimekizungushia kipande cha khanga yangu kwa sababu karatasi ya nailoni ina umeme unaoweza kuiua RAM. Kabla ya kuishika, gusa kwanza bati la kompyuta. Mtoe yule mzito. Weka pacha wawili kwenye nafasi mbili zenye rangi moja, sukuma mpaka vishikizo vya pembeni vifunge vyenyewe. Ukisikia mlio mdogo wa kufunga upande wa kushoto na wa kulia, basi. Kisha ukurasa wa buluu, DRAM Frequency iwe 400. Prosesa na RAM zitatwanga kwa pigo moja.

Nimeweka pia betri mpya ya saa. Ni ile ya duara kama shilingi. Ukishaiweka, mashine itataka kujua leo ni lini, na safari hii haitasahau. Mwaka utauandika wewe. Mimi ningeandika wa leo, lakini sitakushikia mkono.

La mwisho. Evarista ameniambia kuhusu jina linalotokea kwenye kioo, na kiganja chako. Huna haja ya kulifunika maisha yako yote. Ingia kwenye Control Panel, fungua User Accounts, bonyeza palipoandikwa kubadili jina, andika lolote mtakalopenda. Ndani hakitapotea kitu. Nyimbo hazijali mlango umeandikwa nini.

Mama mpe pole yangu. Sikujua, na sasa najua.

Radhia


Endulen,
14 Aprili 2024

Wifi yangu Radhia,

Iko, na Idi njema iliyopita.

Kifurushi kilikaa siku nyingi kwenye lori, mvua ilikata njia na Bartolomeo akalala kwenye tope pamoja na unga wake. Alipofika, alikitoa kifuani kikiwa cha moto. Khanga yako inanukia udi. Nimeiacha kwenye rafu ya vitabu na chumba kizima kinanukia, watoto wanauliza ni harusi ya nani.

Niligusa bati. Nikamtoa mzito, nikawaweka pacha, ukasikika ule mlio, kushoto, kulia. Nikaweka betri. Mashine ikauliza tarehe. Nilikaa mbele ya ule ubuluu muda mrefu, Radhia. Nilimwona kaka akiwa mdogo, ana fimbo yake fupi, anawaita ndama kwa majina na kila ndama anainua kichwa. Nilimtazama mpaka nikashiba. Kisha nikaandika mwaka huu, na siku ya siku ile. Nililia, lakini kilio hicho hakikunichosha.

Mchana mama akaja, na ukungu naye akaja pamoja naye kama kawaida yake, akatuzunguka. Nyimbo zikaanza. Zikapita ya pili, ya tatu, zikapita pale zilipofia Februari, na hapo tukawa tunaingia mahali ambapo hatujawahi kufika. Ni za kubembelezea, za polepole sana. Nje ng'ombe walikuwa wakipita na kengele zao, ikawa siwezi kujua kengele ipi ni ya leo na ipi ni ya ndani ya kompyuta. Wimbo wa mwisho ulipoisha pakawa kimya, nikadhani imeganda. Haikuganda. Sauti ile ya kaka ikasema, karibu kabisa, kama mtu aliyeinama sikioni: “Yeyo, mama yangu, imetosha. Umechoka. Kapumzike.”

Mama akafumbua macho. Akasema, “Umesikia? Nimeambiwa nikapumzike.” Akajifunga shuka lake, akatoka, akaenda nyumbani akalala. Alilala mchana ule, akalala usiku wake, na tulipokwenda kukamua asubuhi bado alikuwa amelala, mdomo wazi kama mtoto. Alipoamka aliomba chai, kisha akaomba shanga zake. Masikio yake sasa yana shanga.

Nikamweleza habari zako. Kwa mara ya kwanza nilimweleza zote, RAM, droo, ndama uliyeahidiwa. Akamwita mjomba Mepukori, ambaye siku ya kugawa ng'ombe wa kaka alikuwa amemwacha yule jike mwenye tumbo jeupe bila mwenyewe. Mama akamwambia, “Mwenyewe amepatikana. Yuko Karatu, anatengeneza simu.” Mjomba akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Kwa hiyo una ndama, wifi. Ameshakuwa mtamba, ana kiburi, na anakupita kimo, kama kweli wewe ni mfupi hivyo anavyodai Evarista.

Sasa nikuambie jambo, na hili si langu, limetoka kwa mama. Jina la kaka hatutalisema tena, ndivyo tulivyo. Lakini Paashe halikuwa jina lake peke yake. Nusu yake ni lako, nawe u hai. Jina hilo halikuzikwa. Mama anasema tunaweza kulisema humu ndani, na tukilisema tutakuwa tunakuita wewe.

Nilikwenda kwenye User Accounts kama ulivyonielekeza. Asubuhi hii nimeiwasha kompyuta mbele ya watoto wote, mikono yangu nimeiweka nyuma. Kioo kikawaka, na wote wakasoma kwa sauti moja: “Karibu, Paashe.” Mama alikuwa mlangoni. Akaitikia.

Nanyokie


Karatu,
21 Aprili 2024

Kwa Mama, Paashe wangu,

Shikamoo. Barua hii atakusomea Nanyokie, na akifika mahali pa kulia umwambie aendelee tu.

Asante kwa ndama. Nimeshawatangazia wauza viatu wote hapa nje kwamba mimi ni mfugaji, sasa wananisalimia kwa heshima.

Duka nitalifunga. Bartolomeo amekubali kunipandisha Ijumaa baada ya swala, nikae mbele na nisiguse redio yake. Nakuja kumwona mnyama wangu, na kukuona wewe. Nina ombi moja. Tukishakaa, Nanyokie anifungulie zile nyimbo, nami nisikie ile sauti mpaka pale inaposema imetosha. Msinishike mkono wala msinyamaze kwa ajili yangu. Baada ya hapo mniachie kiti. Mashine hiyo nataka niizime mimi, taratibu, bila kuchomoa waya, kama nilivyomfundisha.

Paashe wako,
Radhia